Faili Nililoliita MAMA

Mwanangu Minza,

Ungekuwa mteja wangu, barua hii ingeanza na anwani upande wa kulia, kisha Kumb. Na., kisha YAH: kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Nimewaandikia watu wa Shinyanga barua za namna hiyo tangu chama cha ushirika kiliponipunguza kazini, na mkono umezoea hivyo hata ninapomwandikia mtoto wangu wa kumzaa. Leo umeme umekatika, kompyuta imelala, nami naandika kwa kalamu. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na vijana wa machimboni wenye maneno matamu, mama yako amekwisha kukueleza, tena mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Mimi sina la kuongeza hapo. Kesho utapanda basi la Mwanza, uvuke ziwa kwa kivuko, upite Geita hadi Buseresere. Nitakusindikiza stendi na nitasema "safari njema" kama baba yeyote, maana mbele ya watu siwezi kusema ninayotaka kuyasema. Sauti yangu haitafika mwisho.

Unakwenda kufanya kazi kwenye zahanati ya masista iliyopata kompyuta. Utaingiza majina ya wagonjwa, ugonjwa wa kila mmoja na dawa anazopewa. Unajua kwamba shangazi yako Nkwimba yuko huko Buseresere na kwamba anaumwa. Usilolijua ni hili: ameacha kwenda kuchukua dawa zake za kifua kikuu tangu siku alipoiona kompyuta hiyo ikishushwa kwenye gari. Dozi ile ukiikatiza, ugonjwa unarudi na hasira. Nafasi hii hukuipata kwa bahati, Minza. Ni yeye aliyemtuma kondakta wa basi atuambie kwamba masista wanatafuta msichana anayeijua mashine. Kwa hiyo unakwenda kumrudisha shangazi yako kwenye dawa. Mshahara na mengine yote ni nyongeza.

Ili ujue anaogopa nini, lazima nikurudishe nyuma. Mengi uliyasikia kwa mama yako ulipokuwa bwenini Tabora, na mama yako ana huruma, hupunguza makali ya jambo kama anavyopunguza pilipili kwenye mchuzi wako. Mimi sitapunguza.

Unakumbuka nilivyojigamba niliponunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Wakati huo majirani zangu wa kibandani walikuwa bado wanagongagonga taipu zao, wakikosea neno wanapaka dawa nyeupe na kupuliza. Walinicheka kwa jinsi nilivyoifunika mashine kwa kitambaa cha kufumwa cha mama yako. "Baba Minza kaoa mke wa pili," walisema, "na huyu hapigwi vumbi." Niliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa nikikosea neno, nalifuta, halionekani tena. Niliona nimewaacha mbali.

Ujanja wangu mkubwa ulikuwa faili moja nililoliita MAMA. Barua za mji huu zote zinafanana: anwani, kumbukumbu, YAH, "Husika na mada tajwa hapo juu", kisha shida ya mtu, kisha "Wako katika ujenzi wa taifa". Kwa nini niandike yote hayo kila mara? Nilikuwa nafungua MAMA, nafuta shida ya mteja aliyetoka, naandika shida ya mteja aliyeingia, nahifadhi, nachapa. Aliyetaka nakala kwenye disketi nilimkopia MAMA huyohuyo na kumpa jina lake. Barua zote zilizotoka kwenye kibanda changu zilizaliwa na faili moja. Niliwahi hata kukufundisha hivyo, ukanisifu.

Shangazi yako alikuja mwaka ule wa mvua za El Nino, barabara ya Nyarugusu ilipokuwa imekatika na malori yakizunguka. Wakati huo alikuwa akipika wali pale mwaloni Nyarugusu, mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu, na hapakuwa na mchimbaji aliyepita sufuria la Nkwimba akaenda kula kwingine. Aliniletea samaki wa kukaushwa, akakaa kwenye benchi, akasubiri mpaka mteja wa mwisho alipoondoka. Nilidhani amechoka na safari. Akavuta kiti karibu na mashine.

"Kaka, nataka barua kwa shemeji. Habari za Shija."

Shija mtoto wake alikuwa darasa la tano, anakaa kwa ndugu wa marehemu mume wake. Nkwimba alitaka waendelee kukaa naye hadi amalize la saba. Nikafungua MAMA, nikafuta ya mtu wa kabla yake, nikamwambia aseme maneno yake nami nitaandika.

"Andika hivi. Shemeji, nimepimwa. Ninao huu ugonjwa wa siku hizi, ndio uliomwondoa ndugu yako."

Nikaandika. Ndivyo nilivyojua, Minza. Dada yangu wa tumbo moja aliniambia habari ya kifo kinachomngoja kama mteja, nami niliipokea kwa vidole kabla haijafika moyoni. Sikugeuka kumtazama. Adabu ya kazi yetu ni kwamba mpiga chapa hamtazami mteja anaposema, na siku ile nilijificha nyuma ya adabu hiyo kwa sababu sikujua niuweke wapi uso wangu. Nikaweka nukta, nikangoja.

Aliyatazama maneno yake kwenye kioo. Kisha akasema, "Kaka, toa hiyo."

"Nitoe?"

"Toa. Sema naumwa kifua. Wakijua, watamtenga Shija hata sahani."

Nikalifuta neno moja baada ya jingine, yeye akitazama. Nikaandika naumwa kifua. Akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akasoma taratibu kama alivyosoma siku zote, midomo ikicheza.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Imetoka kabisa, kaka?"

"Imetoka kabisa. Tazama mwenyewe."

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, akashusha pumzi, akafunga kanga. Nilimchapia barua, akaweka sahihi, akaondoka na lori la mchana. Nilipaswa kusimama na kumshika mkono. Nilimwuliza kama mvua ingali inanyesha huko.

Mteja aliyefuata alikuwa wakala wa wanunuzi wa pamba, yule mwenye kofia ya ngozi ambaye wewe ulikuwa ukimwiga anavyokohoa. Alitaka barua ya karatasi na nakala ya disketi kwa ofisi yao ya Geita, kwa sababu huko nako walikuwa na kompyuta na walipenda watu walijue hilo. Nikafungua MAMA. Nikafuta barua ya Nkwimba yote, mpaka jina lake na Nyarugusu yake. Nikaandika ya pamba, nikahifadhi, nikamkopia.

Huko Geita karani wao hakuwa na programu ya kuandikia kama yangu. Alilifungua faili kwa kile kiprogramu kidogo kinachoonyesha kila kilichomo bila kuchagua. Kwanza akaona vijidudu vya alama zisizosomeka, kisha barua ya pamba, kisha, chini kabisa, maneno ya dada yangu. Yote. Hata yale aliyoniomba niyatoe, na chini yake jina lake na mahali anapokaa. Karani yule alikuwa mtu wa kwenda Nyarugusu kila mwisho wa juma kutazama shimo alilokuwa na hisa ndani yake. Alikuwa akila kwa Nkwimba.

Nadhani hakuhitaji hata kusema sana. Machimboni neno halitembei, linapaa. Shangazi yako alipika asubuhi moja kama kawaida, wachimbaji wakapita wakisalimia kwa mbali. Mmoja ambaye habari zilikuwa hazijamfikia alikaa, akala, na wenzake walipomnong'oneza akaivunja sahani kwenye jiwe mbele yake. Wali ulilala ndani ya sufuria. Siku ya pili akapika kidogo, nao ukalala. Siku ya tatu mwenye kibanda akamwambia ana mgeni mwingine wa kukipanga.

Alikuja hapa nyumbani na kifurushi kimoja. Aliuliza swali moja tu: "Nani amesema?" Sisi sote, mimi na mama yako na yeye mwenyewe, tuliona jibu ni moja. Ni nesi. Nani mwingine aliyejua? Mimi nilijua, lakini mimi ni kaka yake na sikufungua mdomo hata kwa mama yako. Basi nikavaa koti langu la ofisini, nikaenda mpaka kwa nesi aliyempima, nikamtukana mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni. Nilimwambia ameua mtu. Yule mama alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Alilia akiwa ameshika trei ya sindano, bila kuelewa ninasema nini. Nilirudi nyumbani nikijiona mwanamume. Nkwimba hakukaa wiki, aliondoka bila kuaga, nasi hatukujua amekwenda wapi.

Ni wakala wa pamba aliyerudi na ile disketi. Aliibwaga mezani kwangu.

"Mzee, umenifanyia nini? Barua yangu ina mwanamke ndani! Bosi ananiuliza nina uhusiano gani na huyo Nkwimba, mke wangu naye keshapata habari."

Nikamwambia haiwezekani, nilifuta. Nikafungua mbele yake, na kwenye kioo changu barua ilikuwa safi, pamba tupu. Akaniangalia kama mchawi, akaondoka, hakurudi tena. Mimi niliichukua disketi ile nikaenda nayo kwa Bharti.

Bharti unamjua vizuri kuliko mimi, ndiye mwalimu wako. Lakini wakati ule nilikuwa nikimwona kama mpwa tu wa Mzee Kanji wa spea za baiskeli, msichana aliyesoma India akarudi kuuza mipira na minyororo. Kabla ya hayo yote alikuwa amekwisha kuja kibandani kwangu na sidii mkononi, akasema, "Mzee, jaribu hii. Inaitwa Linux. Ni bure." Nami nilimjibu kwa kicheko. Kiswahili chetu kina neno moja hapo kwa mambo mawili: bure ni kisicholipiwa, na bure ni kisichofaa. Nilisikia la pili. "Rahisi ni ghali, binti," nilimwambia, "mimi nina programu ya maofisini." Ile programu yangu ya maofisini yenyewe nilikuwa nimeinakili kwa rafiki, bila kuilipia hata senti, lakini hilo sikulihesabu kuwa bure.

Safari hii sikucheka. Alikuwa na mashine yake nyuma ya duka, kati ya matairi. Akaitia disketi, akaandika neno moja kwenye kioo cheusi, na maneno yakaanza kupanda. Ya Nkwimba yalikuwemo. Lakini hayakuwa peke yake, Minza. Alikuwepo mwalimu aliyeomba uhamisho kwa sababu mkewe alikuwa anapigwa na ndugu zake. Alikuwepo bibi wa Old Shinyanga aliyeomba ulinzi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu na majirani wameanza kumdhania mchawi. Alikuwepo mchungaji fulani aliyeandika aya nzima kisha akaniambia niitoe. Kila aliyewahi kuniambia "toa hiyo" alikuwa amekaa mle ndani, na mimi nilikuwa nimewagawa watu hao mjini kote kwenye disketi za wenzao.

"Programu yako haifuti," Bharti akasema kwa upole, kama daktari. "Inaficha tu. Inaandika mapya pembeni ili ihifadhi haraka."

"Mbona hawakuniambia?"

"Wameifungia ndani, Mzee. Wewe huoni ilivyotengenezwa, mimi sioni. Hii yangu ukitaka unafungua unasoma kila mstari. Na ukiona kibaya unakitengeneza, unawapa wengine."

Nilikulia Nyarugusu kabla ya kuja mjini kutafuta kazi, na nilifikiria mwalo. Pale mchanga huoshwa mbele ya wote wenye shimo. Hata ndugu yako wa damu ukimwona anapeleka karai nyuma ya turubai, unamfuata, na yeye haoni umemtukana. Ni desturi. Mimi mtoto wa desturi ile niliichukua siri ya dada yangu nikaipeleka nyuma ya turubai la watu nisiowajua, na sikuwahi hata kuuliza kuna nini huko.

Nilikaa juu ya tairi nikalia. Bharti alitoka akanifungia mlango, akawa anawaambia wateja kwamba mjomba wake anahesabu mzigo.

Yaliyofuata uliyaona ulipokuja likizo, nami najua ulidhani baba yako amekuwa shujaa. Tulivyoifuta ile mashine yote na kuanza upya, wewe na Bharti mkisoma vitabu vya maelekezo sakafuni, printa ikigoma kututii, mama yako akiuliza kama kompyuta nayo inahitaji mganga. Sikubadili kwa ushujaa. Nilibadili kwa sababu sikuweza tena kufungua ile programu ya zamani bila kumwona Nkwimba ameinama anasoma. Na wateja walikimbia, hilo nalo uliliona. Ofisi zilirudisha disketi zangu, eti hazifunguki. Waliokuwa wakinicheka kwa kitambaa cha kufumwa walinunua kompyuta, wakaweka ileile programu niliyoitupa, na sasa mji unaandikiwa nao. Niliwaeleza. Niliwaonyesha. Mmoja aliniambia, "Mzee, kwani nani ana muda wa kusoma barua za wakulima?" Nilirudi kibandani kwangu.

Nesi nilimfuata kumwomba radhi. Alikuwa amekwisha kuomba uhamisho, na aliyekaa mahali pake hakujua amepelekwa wapi, au alijua akaona sistahili kuambiwa. Deni hilo bado liko.

Kisha akaja yule kondakta. Alisema kuna mama Buseresere anapika wali stendi, amemwambia aniulize kama mimi bado ni mpiga chapa. Nikajua ni nani. Nikataka kupanda basi hilohilo, na mama yako akawa tayari ananitafutia shati. Kondakta akanizuia: "Amesema hana neno na wewe, mzee. Ila usije. Ukija, watauliza wewe ni nani wake." Watu wa Geita wanapita pale kila siku, na wapo wanaokumbuka kwamba yule Nkwimba wa Nyarugusu alikuwa na kaka mpiga chapa Shinyanga. Huko anaitwa Mama Riziki. Hana mtoto anayeitwa Riziki. Jina la Shija ameliacha nyuma ili lisimfuate mtoto shuleni.

Sasa nisikilize. Sidii ya Bharti unayo begini, uiweke kwenye mashine yao. Sista mkuu atakukuta mgeni na mdogo, na atakwambia mashine itumike ilivyoletwa, kwa kuwa wafadhili ndio walioiweka hivyo. Usibishane naye, na usimhubirie kama Bharti anavyotuhubiria sisi. Mwombe akuandikishe barua fupi yenye jina lake mwenyewe na jambo moja ambalo hapendi watu walijue. Kisha mwambie akwambie ulifute. Ulifute mbele ya macho yake. Halafu mwonyeshe lilivyo bado limo. Akilikuta, hutahitaji kusema neno. Nami naomba Mungu lisiwe limejificha vizuri zaidi siku hizi, maana nasikia wametengeneza programu mpya, na mimi sijui zikoje ndani.

Akikataa hata baada ya hapo, mwombe basi wagonjwa wa kifua wabaki kwenye daftari la mkono na kabati lenye kufuli. Usione haya kurudi kwenye kalamu. Kalamu naijua inavyokosea. Sitaki uende huko ukadhani sidii ya Bharti ni hirizi, kwa sababu mimi nilikuwa na imani ya namna hiyo na mashine ya kwanza. Hii ya wazi nayo haizuii mdomo wa mtu, haizuii karatasi mbovu iliyochapwa kwenda kufungia maandazi sokoni, haizuii mtu kusoma begani mwako. Ninachoweza kusema ni kwamba ikikosea, yupo mahali fulani mtu anayeweza kuona imekosea wapi. Ile nyingine iliniangusha huku inatabasamu.

Lililo gumu ni shangazi yako mwenyewe. Hatarudi zahanati kwa kuambiwa pako salama. Mimi kaka yake nilimwambia imetoka kabisa, nikiwa na uhakika wote duniani, na sikuwa nadanganya. Kwa hiyo wewe usimwambie hivyo. Usimwambie "niamini", neno hilo nimelimaliza mimi, sijakuachia hata chembe. Siku akija, usiku au mchana, mkalishe kwenye kiti chako. Andika jina lake, lifute, kisha fungua faili lote na umwache alisome mwenyewe mpaka mwisho, taratibu, midomo ikicheza. Usimharakishe. Kama atapata kitu, atakwambia. Kama hatapata, ataamua mwenyewe kama anataka dawa zake, na hapo utakuwa umefanya yote ambayo mtu anaweza kufanya.

Sijui kama atakuja. Kondakta amesema amekonda, na kwamba siku nyingine mama mwingine ndiye huwapakulia wateja wake. Naogopa, Minza. Naogopa kwamba tumechelewa, na naogopa kukutwisha mzigo niliouangusha mimi. Ningeubeba mwenyewe kama wangeniruhusu kushuka kwenye basi pale.

Utakapofika stendi utamwona kabla ya kuona kitu kingine, kwa sababu moshi wake uko penye mabasi. Utamjua kwa mabega, ni ya bibi yako. Usikimbie kumkumbatia. Usimwite shangazi. Sema "Shikamoo, Mama Riziki," kama abiria yeyote mwenye njaa. Atajibu marahaba kama anavyomjibu kila mtu, na usitafute kitu machoni mwake, akikupa kitu watu watakiona. Agiza wali, ule, uusifie ukitaka, maana wanaomsifia siku hizi si wengi. Lipa, uchukue begi lako, uende zahanati.

Na kama mbele ya wateja wake atakuuliza wewe ni binti wa nani, ujue anauliza kwa ajili ya masikio yao. Usinitaje. Taja jina la baba mwingine, lolote litakalokujia, na ulitaje bila kusita.

Ni mimi,
Baba yako